Aliyefukuzwa Kazi Musoma, Bunda Watajua?

Tuseme kuna mtunza stoo wa kiwanda cha kusindika sangara mjini Musoma. Mwezi Machi dizeli ya jenereta imepungua isivyoelezeka, kikao cha nidhamu kimekaa, naye ametoka getini na barua ya kuachishwa kazi. Mwezi Juni, msimu wa pamba ukiwa umeshafunguliwa, anasikia kinu kimoja cha kuchambulia pamba huko Bunda kinatafuta mtu wa stoo. Sifa anazo, uzoefu wa miaka sita anao. Kinachomnyima usingizi ni kimoja tu: akiitwa kwenye usaili, watakuwa wameshajua?

Vijiweni swali hili lina majibu mawili. La kwanza linasema ukishafukuzwa jina lako limeingia kwenye mfumo, hakuna tena wa kukuajiri. La pili linasema mwajiri mpya hana pa kujulia. Ifute kampuni ile kwenye CV na maisha yaendelee. Jibu la kwanza lina ukweli mwingi kwa mtumishi wa umma, lakini kwa sekta binafsi ni vitisho tu. La pili lilikuwa na nguvu zamani, kabla ya hukumu za mahakama kuanza kusomwa kwenye simu. Lenye mashiko zaidi ni la tatu, ambalo wengi hulisikia wakiwa wamechelewa: kitakachojulikana baadaye huamuliwa kwa sehemu kubwa ndani ya siku 30 za kwanza baada ya kufukuzwa, muda mrefu kabla ya siku ya usaili.

Karatasi kwanza. Anayeachishwa kazi Tanzania anapaswa kuondoka na hati mbili tofauti, na watu huzichanganya mno. Moja ni barua ya kuachishwa kazi. Hii ina sababu ndani yake: tarehe ya kikao cha nidhamu, kosa alilopatikana nalo, adhabu. Ni barua ya watu wawili, mwajiri na mfanyakazi, na nakala yake hubaki kwenye faili. Nyingine ni cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, sambamba na malipo ya mwisho kama mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na likizo ambayo haikuchukuliwa. Sheria haikusema kwamba cheti hicho ni cha wale wanaoagwa kwa keki na soda. Aliyefukuzwa naye anastahili kukipata.

Kukitazama, chenyewe ni kitu kidogo. Ukurasa mmoja wenye nembo ya kampuni juu, jina la mfanyakazi, cheo, idara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, sahihi ya meneja, na muhuri ambao aghalabu umegongwa kwa haraka ukaegemea upande mmoja. Kwa mtunza stoo wa mfano wetu, kitasema alikuwa mtunza stoo kuanzia mwaka fulani hadi Machi. Kuhusu dizeli, kimya.

Kimya hicho hakikutokea kwa bahati. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa pendekezo lake kuhusu kuachishwa kazi mwaka 1963, lilisema cheti cha namna hii kisiwekwe jambo lolote la kumharibia mfanyakazi. Pendekezo la mwaka 1982 likakaza zaidi: kitaje tarehe za kuanza na kumaliza pamoja na aina ya kazi tu, na tathmini ya mwenendo iandikwe pale tu mfanyakazi mwenyewe anapoiomba. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeorodhesha kabisa yanayopaswa kuandikwa, na mwajiri anayekataa makusudi kutoa cheti, au anayeandika uongo ndani yake, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri halazimiki kuandika barua ya sifa. Anadaiwa cheti, hadaiwi pongezi.

Wajerumani wamekwenda njia yao. Kwao mfanyakazi ana haki ya kudai cheti kinachoeleza pia utendaji wake, na mahakama zimesisitiza kiwe cha kweli lakini chenye nia njema. Matokeo yake ni lugha ya mafumbo ambayo maofisa utumishi wa huko huifumbua mara moja: akiandikwa kwamba "alijitahidi", msomaji anaelewa kwamba hakuweza. Sheria yao inakataza maneno ya siri kwenye cheti, na bado mafumbo hayajaisha. Ukilinganisha, cheti cha Musoma chenye tarehe mbili na muhuri ulioinama kinamlinda mfanyakazi vizuri zaidi.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuogopa karatasi inayosema mengi. Kenya ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alipaswa kutembea na hati hiyo, kwa kawaida ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuruhusiwa kuondoka. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kupata kazi kwingine bila kuonekana mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini mfumo ule ulidumu hadi miaka ya 1940. Na si hadithi ya kale tu. Oman, waliko Waswahili wengi, ilifuta sharti la mfanyakazi mgeni kupata kibali cha mwajiri wake wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine kuanzia Januari 1, 2021 pekee.

Kwa hiyo cheti kinanyamaza. Ajabu ni kwamba wapo wanaokikosesha kazi yake wenyewe: mtu anaambatisha barua ya kuachishwa kazi kwenye maombi akidhani ndiyo uthibitisho wa uzoefu, ilhali cheti cha utumishi hakukidai kwa kuwa siku ile aliondoka na hasira. Haki ya kukidai haifi kwa sababu mtu aligombana na meneja.

Kinachosema ni simu.

Kutoka Musoma kupitia Makutano hadi Bunda ni mwendo wa kama saa moja hivi kwa gari, na Butiama iko hapo kando. Waajiri wakubwa wa sekta binafsi katika eneo hili wanahesabika: viwanda vya samaki, vinu vya pamba, benki, shule na hospitali za mashirika ya dini, hoteli za kuelekea Serengeti, na upande wa Tarime mgodi wa North Mara. Maofisa utumishi wao wamesoma vyuo vilevile, wanakutana kwenye semina zilezile, na namba zao zimo kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp. Ofisa wa Bunda akiona kwenye CV kwamba mtu alikuwa Musoma hadi Machi, haandiki barua rasmi. Anapiga simu: "Bwana, huyu kijana wako wa stoo vipi?" Jibu linaweza kuwa sentensi moja, na wakati mwingine ni kicheko tu. Kwa miji ya ukubwa huu, njia hii inafichua mengi kuliko kumbukumbu zote za serikali zikiwekwa pamoja.

Je, inaruhusiwa? Hapa pana mabadiliko ambayo waajiri wengi wa mikoani hawajayameza bado. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zilizokusanywa kwa kusudi fulani zisigeuzwe kwa kusudi jingine kiholela. Faili la nidhamu lilifunguliwa ili kushughulikia nidhamu ndani ya kiwanda, halikufunguliwa ili lisomwe kwenye simu kwa rafiki wa Bunda. Anayeomba kazi akiandika mwenyewe majina ya wadhamini na kuridhia waulizwe, hapo pana ridhaa. Akipigiwa mtu ambaye hakumtaja, huku aliyeulizwa akisoma yaliyomo kwenye faili, mwajiri yule wa zamani ana maelezo ya kutoa.

Pia kuna kashfa. Mwajiri wa zamani anayemjibu mwenzake kwa nia njema na kwa ukweli ana kinga kiasi. Anayesema "mwizi yule" kwa jambo ambalo hata kikao cha nidhamu hakikulithibitisha anacheza na kesi ya madai. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1994 katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance. Wakala wa bima alikosa kazi kwa sababu ya taarifa mbaya iliyoandikwa kizembe na kampuni aliyotoka, na majaji wa ngazi ya juu kabisa wakasema mwajiri anayetoa taarifa ana wajibu wa kuwa makini, hata pale ambapo hakuwa na chuki. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini wanasheria wa hapa huzitumia hukumu za Uingereza kushawishi. Ndiyo maana kampuni kubwa, hasa zenye mizizi nje ya nchi, zimewaagiza maofisa wao wathibitishe cheo na tarehe tu, basi. Mwenye duka la vipuri wa Mtaa wa Mukendo hana agizo kama hilo.

Simu zikikusanywa zikawekwa kwenye daftari, zinakuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 2009 maofisa wa ulinzi wa taarifa wa Uingereza walivamia ofisi ndogo ya taasisi iliyoitwa The Consulting Association na kukuta mafaili ya wafanyakazi wa ujenzi 3,213. Kampuni kubwa za ujenzi zilikuwa zikilipia kuuliza jina moja moja kabla ya kuajiri. Humo waliandikwa walioonekana wakorofi, na ukorofi wa wengi ulikuwa ni kulalamikia usalama kazini au kuwa hai kwenye chama cha wafanyakazi. Mamia ya mafundi waliishi miaka bila kazi na bila kujua kwa nini. Kwa sheria ya Tanzania, kumbagua mtu kazini kwa sababu ya uanachama wake katika chama cha wafanyakazi ni kosa, na daftari kama lile, hata likiwa ni orodha tu iliyobandikwa kwenye kundi la WhatsApp la maofisa utumishi, lingekuwa na maswali mazito mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Upande wa serikali hadithi ni nyingine, na haihitaji simu.

Mwalimu wa shule ya msingi Butiama au muuguzi wa kituo cha afya Bunda ana cheki namba. Namba hiyo ndiyo mshahara wake, ndiyo kumbukumbu yake katika mfumo wa taarifa za watumishi, na akifukuzwa kumbukumbu inabaki na sababu yake. Kwa walimu kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, yenye ofisi hadi ngazi ya wilaya na yenye mafaili ya nidhamu. Matangazo ya nafasi za kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamezoeleka kwa masharti yake mwishoni: wadhamini watatu wa kuaminika, taarifa za kughushi zitachukuliwa hatua, na waliostaafishwa katika utumishi wa umma wasiombe isipokuwa wana kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Maombi hupita kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni. Aliyefukuzwa na Halmashauri ya Mji wa Bunda akiomba Manispaa ya Musoma anaomba, kwa maana halisi, kwa mwajiri yuleyule.

Kilele cha ufukuzaji katika utumishi wa umma kilikuwa Aprili 28, 2017, Dodoma, Rais John Magufuli alipopokea ripoti ya uhakiki wa vyeti na kuamuru watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi waondolewe. Kutumbuliwa, yaani kuondolewa kazini ghafla, kulikuwa kumeshakuwa msamiati wa kila siku. Wengi wao walirudi vijijini, wengine wakaingia shule binafsi, maduka ya dawa, kilimo. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwarejeshea michango waliyokuwa wamekatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Hata msamaha huo ulihitaji orodha: ili mtu alipwe, ilibidi ajitokeze kama mmoja wao. Katika utumishi wa umma mlango wa kutoka una kumbukumbu nzuri kuliko wa kuingia.

Watu huchanganya pia kumbukumbu za kazi na kumbukumbu za polisi. Hati ya polisi inayotolewa baada ya kupiga alama za vidole, ambayo migodi, kampuni za ulinzi na waajiri wa nje huidai, inaonyesha rekodi ya jinai. Kufukuzwa kazi si jinai. Ikiwa kiwanda kilimfikisha mtunza stoo mahakamani na akatiwa hatiani kwa wizi, hapo itaonekana. Ikiwa kiliishia kwenye kikao cha nidhamu, polisi hawana habari naye. Mabaraza ya taaluma nayo yako vilevile: muuguzi anaweza kufukuzwa na hospitali moja na bado leseni yake ikawa hai, mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga lenyewe lichukue hatua. Mwenye cheo cha juu benki ana mlinzi mwingine getini, kwani Benki Kuu huwahakiki wakurugenzi na watendaji wakuu kabla hawajakalia viti. Na taarifa ya michango ya NSSF huonyesha miezi na mwajiri aliyewasilisha, jambo ambalo linamtosha ofisa makini kugundua kampuni iliyorukwa kwenye CV.

Sasa turudi kwenye zile siku 30, maana hapo ndipo mtu ana nguvu na ndipo wengi hulala.

Aliyeachishwa anayeamini ameonewa ana siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wengi wanaiita CMA, na Musoma ofisi ipo. Kwa ujumla awe amefanya kazi miezi sita au zaidi ndipo adai kwamba ameachishwa isivyo halali. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri: aonyeshe sababu ya msingi, na aonyeshe utaratibu ulifuatwa. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe angalau saa 48 za kujiandaa na kikao cha nidhamu na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Viwanda vingi huangukia hapa. Dizeli kweli imepotea, lakini kikao kiliitishwa asubuhi kikakaa mchana.

Shauri huanza kwa usuluhishi, na usuluhishi ni wa faragha. Ndani ya chumba kile pande mbili zinaweza kukubaliana mambo ambayo hakimu hawezi kuyaamuru kwa wepesi: ajira ihesabiwe imekoma kwa makubaliano, malipo haya yatoke, cheti cha utumishi kiandikwe hivi, na atakayepiga simu ajibiwe na mtu fulani kwa maneno fulani. Kanuni zinatambua kabisa ajira kukoma kwa makubaliano. Mtunza stoo akitoka na makubaliano ya aina hiyo, akiulizwa Bunda alivyoondoka, jibu lake la kweli limebadilika. Mawakili wazoefu hupigania aya hiyo ya taarifa kama wanavyopigania fedha. Mfanyakazi asiye na wakili mara nyingi huitazama fedha peke yake, kisha anagundua baada ya miezi mitatu kwamba kilichomgharimu ni simu.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi hapohapo Tume. Asiyeridhika ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu ifanye marejeo. Zamani mtu wa Mara alilazimika kwenda Mwanza. Sasa Mahakama Kuu iko Musoma. Na Mahakama ya Tanzania huchapisha hukumu zake kwenye tovuti ya TanzLII, bure, zikiwa na majina kamili ya wadaawa. Ukifungua hukumu za kazi zilizotoka Musoma utakuta, kwa mfano, mgodi wa North Mara kwenye mashauri kadhaa, mengine yakiwa yamefika hadi Mahakama ya Rufani. Kila hukumu huanza kwa kusimulia: fulani aliajiriwa lini, cheo gani, alituhumiwa nini, kikao kilikaa lini. Hata aliyeshinda na kuamriwa alipwe fidia, tuhuma zake ziko ukurasa wa kwanza au wa pili, na ushindi wake uko mwishoni, ambako msomaji mvivu hafiki.

Ofisa wa Bunda anayeandika jina la mwombaji kwenye simu yake anaipata hukumu hiyo kabla chai haijapoa. Ufaransa na Ujerumani huficha majina ya watu binafsi kabla ya kuchapisha hukumu za namna hii. Tanzania na Kenya kwa kawaida hazifichi. Hoja ya uwazi wa mahakama ni nzito, lakini kwa mashauri ya kazi njia ya Wafaransa ina busara zaidi, kwa sababu anayelipia uwazi huo ni mdaawa mmoja tu. Kampuni haiombi kazi.

Hii haina maana kwamba aliyeonewa aogope mahakama. Hukumu inayosema kwamba mtu aliachishwa bila sababu ni ushahidi bora kuliko mdhamini yeyote, naye anaweza kuitoa mwenyewe kwenye usaili na kunyoosha kidole kwenye aya ya mwisho. Ila ajue anachokinunua: akitaka kimya, mahali pake ni chumba cha usuluhishi, akitaka kusafishwa jina hadharani, hadharani kuna watu.

Wapo wanaokwepa yote kwa kujiuzulu usiku wa kuamkia kikao. Butiama ina mfano mkubwa wa kujiuzulu kwa kusukumwa, ingawa wa heshima. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa sekondari ya Pugu na wakati huohuo rais wa TANU. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mwaka 1955, wakuu wa shule walimtaka achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, akarudi nyumbani Butiama, na kwa muda akajipatia riziki akimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll huko Musoma. Je, aliacha au aliachishwa? Sheria ya leo ina nafasi ya swali hilo, kwani mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu ajiuzulu, huhesabiwa amemwachisha. Lakini anayejiuzulu kwa woga tu, bila kulazimishwa, hujifungia mlango wa Tume mwenyewe, na simu ya Bunda bado itapigwa.

Basi siku ya usaili afanyeje? Sheria ya Ajira haina kifungu kinachomtaka mwombaji atangaze kufukuzwa kwake pasipo kuulizwa. Akiulizwa kwa mdomo au kwenye fomu, uongo ni hatari kuliko ukweli, kwa sababu ukigundulika baadaye unakuwa kosa jipya la kukosa uaminifu kwa mwajiri mpya, lenye ushahidi wa maandishi yake mwenyewe. Kubuni cheti cha utumishi au kurefusha tarehe zake ni kughushi, na hilo ni la Kanuni ya Adhabu. Jibu linalopita ni fupi: "Niliachishwa Machi baada ya hesabu ya mafuta kutofautiana kwenye zamu yangu. Sikukubaliana na uamuzi, tukamalizana kwa makubaliano mbele ya Tume. Cheti changu hiki hapa." Bila machozi, bila kumsema vibaya meneja. Ofisa anayesikia hivyo na baadaye akapiga simu, simu inamthibitishia tu alichoambiwa.

Zipo barua mbili ambazo aliyeachishwa anaweza kuziandika wiki hiihii. Moja ni ya kudai cheti cha utumishi, kama hakupewa. Nyingine, kwa kutumia sheria ya mwaka 2022, ni ya kuomba kuona taarifa zake zilizoko kwenye faili la mwajiri wa zamani na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Mwajiri hawezi kujibu kirahisi kwamba kila kitu kimeshachomwa, maana sheria ya kazi inamtaka atunze maelezo ya ajira ya mtu kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Nakala ikitoka, aelekee moja kwa moja kwenye ukurasa wenye mwenendo wa kikao cha nidhamu: tarehe ya wito, tarehe ya kikao, sahihi za waliohudhuria. Siku 30 zikiwa hazijaisha, ukurasa huo ni wa kwenda nao ofisi ya Tume Musoma.